Jiografia ya kidato cha tano na cha sita (Tanzania)

Jiografia ya kidato cha tano na cha sita ni somo la miaka miwili linalomwandaa mwanafunzi kwa chuo kikuu. Ni miongoni mwa masomo machache yanayokutanisha tahasusi za sanaa, kama HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) na HGK (Historia, Jiografia na Kiswahili), na za sayansi, kama CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia) na PGM (Fizikia, Jiografia na Hisabati). Mtihani wa mwisho hutungwa na Baraza la Mitihani la Tanzania na una karatasi mbili: ya kwanza hubeba maumbile ya dunia na jiografia ya vitendo, ya pili watu na uchumi.

Usomaji wa ramani ndio humtenga aliyeelewa na aliyekariri. Katika ramani ya 1:50,000, sentimita 2 ni kilometa 1. Barabara yenye kona hupimwa kwa uzi unaolazwa juu yake, kisha ukanyooshwa kwenye rula. Kontua zikibanana, mteremko ni mkali. Kwa upande wa maumbile ya dunia, mifano ya volkano haihitaji kutafutwa mbali: Oldoinyo Lengai, kaskazini mwa nchi, hutoa lava ya kaboneti, nyepesi na nyeusi, ambayo hugeuka nyeupe ikikutana na unyevu.