Mkondo wa Kilwa na Milio ya Baruti

Ndugu msikilizaji, nawe msomaji wa safu hii, juma hili tushuke kusini hadi Kilwa. Wengi wakitajiwa mji huo hukumbuka masultani na Ibn Battuta aliyeuzuru mwaka 1331. Mimi hukumbuka milio ya baruti.

Mwaka 1996 nilikuwa mwanafunzi wa sekondari Lindi, nikiishi kwa mjomba wangu, mvuvi. Alfajiri tulisikia vishindo baharini, na asubuhi samaki sokoni walikuwa rahisi. Mjomba hakupiga baruti, lakini hakuwakemea waliopiga. Nilipomuuliza alinijibu: "Mpwa wangu, bahari haiishi. Kusi italeta wengine." Nilikasirika kimoyomoyo, ingawa samaki nilikula. Leo naona nusu ya maneno yake ilikuwa kweli.

Upo mkondo mkubwa unaovuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki, ukapita kaskazini ya Madagaska na kuigonga Afrika karibu na mpaka wetu na Msumbiji. Hapo hugawanyika. Tawi moja huelekea kusini, jingine hupanda Mtwara, Lindi, Kilwa, Mafia, Zanzibar hadi Kenya. Wakati wa kusi tawi hili huweza kukimbia kilometa 7 kwa saa. Kaskazi ikivuma hupoa.

Manahodha wa kale walilijua hilo bila kusomea. Walishuka na kaskazi, wakarudi Uarabuni na kusi, upepo na maji vikiwasukuma pamoja. Kilwa ilikuwa karibu mwisho wa safari ya msimu mmoja. Aliyetaka kufika Sofala na kurudi ilimbidi angoje msimu mwingine. Basi dhahabu ya Sofala ilifuatwa Kilwa, na mji ukaneemeka hadi Wareno walipouvamia mwaka 1505.

Mkondo huo huo ndio ulioleta hata mawe ya kujengea. Msikiti Mkuu na jumba la Husuni Kubwa ni kazi ya matumbawe, na chokaa yake ni matumbawe yaliyochomwa. Kwa nakshi, mafundi walikata tumbawe hai likiwa laini, wakalichonga kabla halijakauka na kuwa gumu. Na tumbawe, msikilizaji, ni mnyama. Huzaa viluwiluwi wadogo mno wasioweza kushindana na maji. Hubebwa siku kadhaa, hata majuma, kisha wakipata mwamba mgumu hung'ang'ania hapo maisha yao yote. Samaki wengi wa miambani huanza vivyo hivyo, na kambakoche huelea kwa miezi. Changu anayekaangwa Forodhani huenda wazazi wake walikuwa wenyeji wa Kilwa! Kwa hiyo anayelipua mwamba Lindi anaingiza mkono katika chungu cha mtu wa Mafia asiyemjua.

Mjomba alikosea wapi basi? Baruti haiui samaki tu, huvunja mwamba ukawa kokoto. Kiluwiluwi akitua juu ya kokoto, wimbi humbingirisha na kumsaga. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya pwani yetu yaligeuka meupe na kufa, hata Mafia iliyokuwa na hifadhi ya bahari tangu 1995. Lakini mwamba uliouawa na joto hubaki umesimama kwa muda, na wageni wa mkondo hupata pa kushika. Uliolipuliwa hauna hata hapo pa kushika.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Serikali ilituma wanamaji, milio ikanyamaza, baadaye ikarudi. Mvuvi alikamatwa, akahubiriwa, akapelekwa semina. Mnunuzi wa mjini, aliyefurahia bei, sikumbuki kama aliwahi kuulizwa lolote.

Mwaka jana mjomba, sasa mzee wa mkongojo, aliagiza mtumbwi utupeleke juu ya mwamba mmoja uliokuwa ukipigwa zamani. Maji yalikuwa yametulia. Chini palitanda kokoto kama barabara isiyotiwa lami. Juu ya bonge moja lililosalia palikuwa na matumbawe machanga matatu, kila moja kama kikombe cha kahawa. Mzee aliyatazama kwa muda mrefu, akaniuliza yametoka wapi. Nikamwonyesha kwa kidole upande wa Mtwara.