Daftari la Kampuni na Mlango wa Hospitali



Katika mitaa mingi ya Lubumbashi, mgonjwa maskini hutibiwa kwanza nyumbani. Jamaa hununua vidonge vichache katika duka la dawa la jirani, hungoja, na hospitali huja mwisho, homa ikiwa imekwisha kuzidi. Wako wanaosema kwamba huo ni ujinga. Historia ya mji wetu yatufundisha mengine.

Mji ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Katika miaka ya kwanza, wafanyakazi wengi wa Union Minière walikufa kambini kwa kichomi, homa ya matumbo na kuhara. Kutafuta watu wapya mbali kuligharimu sana; basi, kuelekea mwisho wa miaka ya 1920, kampuni ilianza kuwaweka wafanyakazi kwa muda mrefu pamoja na wake na watoto wao. Ikajenga zahanati, nyumba za uzazi na mahali pa kuwapima watoto uzito. Tiba ilitolewa bila malipo, ila kwa sharti moja: jina la baba liwemo katika daftari la kampuni. Muuza mboga wa mtaani hakuwemo.

Gécamines, iliyoshika migodi baada ya mwaka 1967, ilirithi utaratibu huo. Serikali nayo ilijaribu kuwafikia watu wote: baada ya mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978, nchi iligawanywa katika zone za afya 306. Mpango ulikuwa mwema, lakini fedha zilikauka. Mwaka 1987, huko Bamako, mawaziri wa afya wa Afrika walikubali wananchi wachangie gharama za dawa. Kwetu mchango huo uligeuka kuwa nguzo kuu: mgonjwa alilipia dawa, na mara nyingi hata posho ya muuguzi.

Kisha shaba nayo ikaanguka. Gécamines, iliyotoa zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilitoa chini ya 50,000 mwaka 1994. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kwa malipo ya mara moja. Aliyezoea kuingia hospitali kwa jina la kazi yake, sasa aliombwa franga mlangoni kama jirani yake muuza mboga.

Hivyo anayechelewa huenda anaujua ugonjwa wake vizuri, ila deni analiogopa kuliko homa. Amewaona akina mama waliojifungua wakizuiliwa wodini hadi jamaa walipe.

Katiba ya mwaka 2006 yatambua haki ya afya. Sheria ya mwaka 2017 yaruhusu mifuko ya kusaidiana, na tangu Septemba 2023 serikali imeanzisha uzazi bila malipo, ikianzia Kinshasa. Hizo ni hatua za kweli. Lakini tukiunda mfuko wa wenye mshahara peke yao, tutakuwa tumeandika upya daftari la zamani. Mfuko wa haki ni ule unaompokea hata anayeishi kwa pato la siku, naye achangie kidogo kidogo kabla ya kuugua.

Basi, tukimwona mgonjwa amechelewa, tusimwulize tu kwa nini hakuja mapema. Tuulize pia mlango ulimdai nini.