Tovuti zimekataa kufunguka kwa lapi yako ya Linux? Cheki hizi vitu kabla umpelekee fundi

Kuna ile siku uko mbio kufaili KRA returns kabla 30 Juni ipite, ama comrade unajaza fomu ya HELB, halafu brauza inazunguka tu kama matatu inayosaka abiria. WiFi inaonyesha imeshika. Simu ya beshte iko poa. Wasee wengi wakifika hapo hufuta Linux yote na kuweka upya, ama humpea fundi doo kwa kazi ya dakika 5.

Kabla uguse chochote, jua ni wapi njia imekatika. Tovuti ikifunguka, kuna vitu vinne vimefanyika: lapi imeongea na rauta, rauta imetoka nje, jina la tovuti limegeuzwa kuwa namba, na brauza imehakikisha inaongea na mwenyewe. Kimoja kikianguka, hupati kitu.

1. Je, ni wao ama ni wewe?

Toa simu kwa WiFi, washa data, fungua tovuti hiyo hiyo. Ikikataa hata huko, lapi yako haina makosa. Mnamo 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikawa mbovu Kenya na kwa majirani. Hakuna amri ya Linux ingesaidia.

Ikifunguka kwa data, rudisha simu kwa WiFi ujaribu tena. Ikikataa, shida ni rauta ama kampuni ya intaneti. Ikifunguka, sasa geukia lapi.

2. Piga namba kabla upige jina

Fungua terminali uandike:

ip route

Angalia mstari unaoanza na "default via". Namba inayofuata ndiyo rauta yako, mara nyingi kitu kama 192.168.1.1. Sasa jaribu hizi tatu kwa mpangilio, ukiweka namba yako kwa ile ya kwanza:

ping -c 4 192.168.1.1
ping -c 4 1.1.1.1
ping -c 4 wikipedia.org

Ya kwanza ikikataa, lapi haijashikana na rauta. Zima WiFi na uiwashe tena:

nmcli radio wifi off
nmcli radio wifi on

Ya kwanza ikikubali na ya pili ikatae, huenda malipo ya WiFi yameisha, ama uko kwa WiFi ya chuo au mkahawa inayotaka u-login kwanza. Fungua http://neverssl.com na ule ukurasa wa ku-login utajitokeza.

Mbili za kwanza zikikubali na ya tatu ilete "Temporary failure in name resolution", umempata mwizi: ni DNS.

3. Kurekebisha DNS

DNS ni kama phonebook. Wewe unajua jina, kompyuta inataka namba. Kwa Ubuntu, anza kwa kufuta kumbukumbu za zamani:

resolvectl flush-caches

Bado? Tumia DNS ya Cloudflare na ya Google badala ya ile ya rauta. Jina la WiFi yako utalipata kwa kuandika nmcli con show:

nmcli con mod "Jina la WiFi" ipv4.dns "1.1.1.1 8.8.8.8" ipv4.ignore-auto-dns yes
nmcli con up "Jina la WiFi"

4. Angalia saa

Hii huwashika sana wenye lapi za ex-UK. Betri ndogo ya ndani ikizeeka, ukizima mashine saa inarudi miaka nyuma. Brauza ikiona tarehe haiendani na cheti cha tovuti, inakataa na kukuonya kwamba si salama. Andika:

timedatectl
sudo timedatectl set-ntp true

Ikijirudia kila ukiwasha, badilisha hiyo betri. Nyingi ni CR2032, na haina bei.

Lakini saa ikiwa sawa na onyo bado liko, usibonyeze kuendelea, hasa kwa tovuti ya benki ama eCitizen. Inawezekana kuna mtu katikati anangoja password yako.

5. VPN na brauza

VPN ikikufa vibaya huacha njia yake wazi, na kila kitu kinatumwa shimoni. Ukiona tun0 au wg0 kwa majibu ya ip route, zima hiyo VPN vizuri. Kwa Firefox, ingia Settings, kisha Network Settings, uchague "No proxy".

Halafu jaribu hii:

curl -I https://wikipedia.org

Ikijibu kwa mistari inayoanza na HTTP, intaneti iko sawa na shida ni brauza. Fungua dirisha la siri. Tovuti zikikubali hapo, zima viongezi kimoja kimoja, au futa kuki za ile tovuti inayosumbua.

6. Zingine zinafunguka, zingine zinakwama nusu

Hutokea ukitumia hotspot ya simu ama VPN. Pakiti ni kubwa kuliko njia, kama lori kwa kichochoro. Zipunguze, ukiweka jina la kadi yako lililo baada ya "dev" kwa ip route:

sudo ip link set dev wlan0 mtu 1400

Isiposaidia, usijali. Ukiwasha upya, inarudi ilivyokuwa.

Na chunga: usibandike amri yoyote yenye sudo umeokota mtandaoni bila kujua inafanya nini. Ukishindwa kabisa, andika majibu ya zile ping tatu. Ukipigia kampuni ya intaneti na uwaambie "rauta inajibu, 1.1.1.1 haijibu", hawatakuzungusha na story ya kuzima na kuwasha.