Mtoro na Bertha, baada ya fungate



Juzi alikuja dukani kwangu hapa Tanga bibi harusi mtarajiwa kupima gauni. Kila nikimzungusha utepe kiunoni, macho yako kwenye simu, anatabasamu na meseji za mchumba. Maa shaa Allah, mapenzi ya mwanzo yana utamu wake. Nikamwuliza mtakaa wapi, na mtakula nini? Akasema, "Hayo tutayajua huko huko, dada." Basi nikamsimulia habari za Mtoro bin Mwinyi Bakari.

Mtoro alikuwa mtu wa pwani yetu hii, wa Bagamoyo, tena mwenye elimu ya dini. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kuwafundisha Wajerumani Kiswahili. Mwaka 1903 kikatoka kitabu cha Desturi za Wasuaheli, ambacho sehemu kubwa ni maelezo yake. Humo mna posa, mahari, harusi, mpaka talaka. Yaani ndoa ya kwetu aliijua inavyopangwa, wazee wanavyoulizana na koo zinavyochunguzana kabla ya mtu kuvaa kilemba.

Mwaka 1904 yeye mwenyewe akaoa huko huko Berlin. Alimwoa Bertha Hilske, binti wa Kijerumani. Sidhani kama kuna shangazi wa Bagamoyo aliyetumwa kwenda kuuliza ukoo!

Mitihani haikuchelewa. Darasani baadhi ya wanafunzi walimdharau kwa rangi yake, na mwaka 1905 akaiacha kazi. Wakaamua kurudi kwao mume. Wakapanda meli, safari ya wiki kadhaa. Walipofika Dar es Salaam, serikali ya Kijerumani ikawazuia. Mwanamke mzungu aishi hapa ni mke wa mtu mweusi? Waliona heshima yao itaanguka mbele ya watu wanaowatawala.

Hapo ndipo mimi husimama kila nikiisoma habari hii. Bagamoyo si mbali na Dar. Mwanamume anaiona pwani ya kwao, na anajua kinachomzuia ni huyu aliyesimama pembeni yake. Na Bertha naye anajua. Ndoa haina hata miaka miwili, na kazi hakuna. Dada zangu, mimi nimeona ndoa zikivunjika kwa sababu ya mawifi na bei ya mchele.

Wao walirudi Ujerumani pamoja. Mtoro akawa anatafuta riziki kwa kuhutubia watu habari za Afrika Mashariki, na Vita Kuu ikawapitia huko huko. Alifariki Berlin mwaka 1927, Bertha akiwa bado mkewe.

Yule bibi harusi alikuja kuchukua gauni Ijumaa. Aliniambia ameshamwuliza mchumba habari ya kodi ya nyumba, na wamenuniana siku mbili.