Tuzo za Muziki na Wapiga Ala wa Manyoni

Kila Tuzo za Muziki Tanzania zinapokaribia, mabishano ni yaleyale: nani kabebwa, nani kaonewa. Sisi wa Singida tuna haki ya kuuliza jingine: mpiga ala aingilie mlango gani?

Tuzo zenyewe zilianza 1999. Bia ya Kilimanjaro ikazidhamini hata watu wakaziita Kili, na mwaka 2014 Diamond Platnumz akazoa saba usiku mmoja. Baada ya 2015 zikalala; Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, likaziamsha Aprili 2022.

Lakini fundi wa ala aliwahi kutuzwa zamani zaidi. Mtafiti Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika na mitambo ya kurekodi, alipita Tanganyika mwaka 1950 akanasa ala za makabila kadhaa, Wagogo wakiwamo. Chama chake cha muziki wa Afrika kilikuwa na Tuzo za Osborn kwa rekodi bora za mwaka. Mwaka 1952, Jadotville kule Katanga, alimkuta kijana Mwenda Jean Bosco, akamrekodi. Gitaa moja tu, gumba na kidole cha shahada, ungedhani wamekaa wapigaji wawili! Rekodi yake ya "Masanga" ikapata tuzo hiyo. Wapiga gitaa wa Kenya wakamwiga, na baadaye mwenyewe akaitwa Nairobi kutangaza dawa ya Aspro. Tuzo haikumuuliza kama ana sura ya jukwaani.

Sasa turudi kwetu. Wagogo si wa Dodoma peke yake. Manyoni pia ni kwao, na Mkoa wa Singida ulipoundwa 1963 hao wakawa watu wetu. Marimba yao ya mkono ina tundu linalozibwa kwa utando wa buibui ili sauti ivume. Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, aliipiga mpaka Mwalimu Nyerere akamwita Dar es Salaam. Albamu yake Chibite ilitolewa na kampuni ya Real World ya Uingereza mwaka 1996. Alifariki Desemba 2003.

Kili ilikuwa na kipengele cha wimbo wenye vionjo vya asili. Hakikutosha: kilimtuza aliyeonja, kikamwacha aliyepika.

BASATA iweke tuzo ya kila mwaka ya mpiga ala za asili, iitwe kwa jina la Zawose, na majina yaanze kukusanywa na maofisa utamaduni wa wilaya. Waanzie Manyoni.