Habari za Neno "Take" na Vita vya Majimaji

Katika shule yetu hapa Michenga watoto hujifunza Kiingereza, na liko neno moja fupi linalowasumbua kuliko maneno marefu yote. Neno hilo ni take. Mtoto hufungua kamusi, akaona kwamba maana yake ni kutwaa, naye hufurahi akidhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza. Mwingereza husema take kwa mtu anayekunywa dawa, na kwa mtu anayekula kiapo, na kwa mtu anayepiga picha, na kwa mtumishi anayepeleka barua Ifakara. Jeshi likiteka boma, ni take. Mwizi akibeba kuku wa jirani, ni take. Mgeni akiketi kitini, ni take vilevile. Hata mtu akimwua mwenziwe, husema ameutwaa uhai wake, kwa neno hilohilo.

Neno hili si la Waingereza tangu asili. Mababu zao walisema niman, nalo ni ndugu ya neno nehmen ambalo Wadachi wanalitumia mpaka leo. Lakini kuanzia mwaka 793 mashua za watu wa Denmark na Norwe zilianza kuvamia pwani ya Uingereza. Mwanzo walikuja kunyang'anya na kurudi kwao. Baadaye, tangu mwaka 865, walikuja na jeshi kubwa, wakakaa, wakalima, wakaoa, hata mwaka 1016 mfalme wao Cnut akakalia kiti cha Uingereza. Hao ndio waliosema taka. (Asije msomaji akadhani ni kutaka kwetu, maneno haya yamekutana njiani tu, hayana udugu, ingawa atakaye sana mara nyingi huishia kutwaa.) Yapata mwaka 1100 neno lao likaonekana katika maandiko ya Kiingereza, na polepole niman likafa. Basi watu waliokuja kutwaa nchi ya wenyewe waliwaachia wenyeji hata neno la kulisimulia jambo hilo.

Tena mwaka 1066 William wa Normandy aliiteka Uingereza, na kwa Wafaransa wake yakaingia maneno mengine, kama seize, yaani kukamata kwa nguvu, na receive, yaani kupokea. Kwa hiyo Mwingereza hakosi neno la kueleza wazi. Lakini take li karibu na mkono wake, nalo halimdai aseme kitu kilitwaliwaje.

Kiswahili chetu hudai zaidi. Askofu Steere alipotoa kitabu chake cha Kiswahili mwaka 1870, na Krapf kamusi yake iliyopigwa chapa mwaka 1882, maneno kutwaa na kuchukua yalikuwa mawili yenye kazi mbalimbali. Kutwaa ni kukishika kitu kiwe mkononi mwako. Kuchukua ni kukibeba, kama mchukuzi anavyobeba mzigo na mama anavyochukua mimba. Siku hizi kuchukua kumelimeza neno kutwaa, hata vijana wengi hulisikia kanisani tu, padre anaposoma habari za Karamu ya mwisho. Mimi nasikitika kidogo, kwa kuwa palipokuwa na maneno mawili sasa lafanya kazi moja, kama take.

Jambo hili lilinikaa moyoni siku nilipowapa watoto wa darasa la juu habari fupi za vita vya Majimaji kwa Kiingereza, wazifasiri. Nilikuwa nimeziandika mwenyewe, nami sikujua kwamba nimetia take mara sita katika mistari kumi. Watu walitwaa maji; walijaribu kuitwaa boma ya Mahenge; askari wakawatwaa mateka; wakatwaa chakula; njaa ikatwaa roho za watu; mwisho Wadachi wakaitwaa nchi tena. Kwa Kiingereza habari ilisomeka vizuri, nayo ilikwenda kwa utulivu kama maji ya Kilombero wakati wa kiangazi. Watoto walipoifasiri, utulivu ule ukatoweka.

Habari zenyewe ni hizi. Mwezi wa Julai mwaka 1905, huko Nandete katika milima ya Umatumbi, watu waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amewapa watu dawa ya maji, akisema itawakinga na risasi. Wadachi walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti, lakini dawa ilikwisha kuenea. Ikafika hata bonde letu. Tarehe 30 Agosti Wapogoro na Wambunga wakaishambulia boma ya Mahenge, iliyo milimani kusini ya Ifakara. Ndani alikuwamo Kapteni von Hassel na askari wake wenye bombomu, na upande wao alikuwapo Kiwanga, mtemi wa Wabena. Washambuliaji walianguka wengi sana, boma haikutekwa, na mwezi wa Septemba Kapteni Nigmann akafika na askari kutoka Iringa kuwaokoa waliozingirwa. Ndipo vita vikageuka kuwa vita vya njaa. Vijiji vilichomwa, mashamba yakaharibiwa, ghala zikatolewa nafaka, mpaka watu wakashindwa hata kupanda. Serikali ya Wadachi ilikadiria watu 75,000 waliokufa. Mwanahistoria Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, na wengi wao kwa njaa.

Sasa ile sentensi ya nne, "askari wakatwaa chakula". Mtoto mmoja aliandika "walichukua", mwingine "walipokea", mwingine "waliiba", na msichana mmoja "walinyang'anya". Nilikuwa tayari kumpa alama huyo wa mwisho. Lakini jioni nilimsomea mzee mmoja jirani yangu, ambaye bibi yake alimsimulia habari za miaka ile. Alisikiliza yote, kisha akasema, "Mwalimu, kitu kilichochukuliwa kina mahali kilipokwenda. Ule mpunga uliochomwa shambani, ulikwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Kunyang'anya ni kweli kwa nafaka waliyoibeba askari ili wale wao, lakini ile waliyoiteketeza ili asile mtu haimo katika neno hilo, wala haimo katika take.

Miaka michache baadaye neno kuchukua lilipata maana nyingine ya uchungu katika nchi hii. Katika vita vya mwaka 1914 mpaka 1918 pande zote zilihitaji watu wa kubeba mizigo. Mwezi wa Oktoba mwaka 1917 Wabelgiji waliiteka Mahenge, na majeshi yaliyopita huku na huku yalipita na wachukuzi. Kitabu cha Kiingereza chaweza kusema kwamba wanaume "walitwaliwa" vijijini. Kwa Kiswahili herufi chache zatosha kueleza: waliwachukua, kisha waliwachukuza, yaani waliwatwika mizigo. Waliokufa katika kazi hiyo upande wa Waingereza peke yao walipita 90,000, wengi kwa maradhi kuliko kwa risasi.

Nilirudi darasani nikaifuta sentensi yangu ya nne, nikaandika mbili badala yake: nyingine kwa nafaka iliyobebwa, nyingine kwa nafaka iliyochomwa. Ya sita, ya kuitwaa nchi tena, watoto walikubaliana kuiandika "wakaitiisha". Iliyobaki ni ile ya kwanza, ya maji. Wako walioandika "waliyanywa", maana watu wengine waliyanywa kweli. Wako walioandika "walinyunyiziwa". Na kijana mmoja wa Kipogoro aliandika "waliyaamini". Nikamwambia kwamba hakuna kamusi yenye maana hiyo kwa neno take. Akajibu kwamba anajua. Mpaka leo sijalitia alama daftari lake.