MALI, MIZIZI NA DIRHAMU 39



Kijana mmoja wa darasa letu la jioni alitujia na daftari lake la shule lenye alama nyekundu. Swali lilikuwa: ni namba gani ukiizidisha kwa yenyewe unapata 25? Yeye aliandika 5. Mwalimu wake alitaka majibu mawili, 5 na hasi 5. Kijana akatuuliza, "Maalim, si ulituambia hesabu hizi wamezivumbua Waislamu? Wao walijibuje?"

Tulinyamaza. Maneno yale tulikuwa tumeyasema mara nyingi, kwa fahari, bila kuyachunguza. Ikabidi turudi vitabuni.

Mwenyewe ni Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad wakati wa Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala tangu mwaka 813 hadi 833. Aliandika kitabu kifupi cha hesabu ya al-jabr na al-muqabala, na kutokana na jina hilo dunia nzima leo inasema aljebra. Katika dibaji anasema amekusudia mambo wanayoyahitaji watu: mirathi, wasia, kugawana, kesi, biashara, kupima ardhi na kuchimba mifereji. Sehemu kubwa ya kitabu ni masuala ya wasia na mirathi. (Tuseme kweli, masuala hayo ya mirathi hayahitaji kipeuo cha pili, ni milinganyo ya kawaida tu. Tulikuwa tukiyachanganya.)

Ndani yake hamna x wala alama ya kujumlisha. Yote ni maneno. Namba isiyojulikana anaiita jidhr, yaani mzizi. Mzizi ukizidishwa kwa wenyewe anauita mal, ndilo neno letu hili hili la mali. Watoto walicheka sana kusikia kwamba mali ina mizizi! Lakini baada ya kicheko hawakusahau tena.

Aligawa milinganyo mafungu sita. Fungu moja ni jepesi: mali ni sawa na namba. Mfano wake, mali tano ni sawa na 80. Basi mali moja ni moja ya tano ya 80, yaani 16, na mzizi wake ni 4. Kwanza bakiza mali moja peke yake, halafu ndipo utafute kipeuo. Watoto wengi hukosea hapa, hukimbilia kipeuo cha 80.

Lenye utamu ni lile la mali pamoja na mizizi kumi kuwa sawa na dirhamu 39. Hapa kipeuo hakichukuliki moja kwa moja, kwa kuwa mzizi umetokea mara mbili. Anasema: chukua nusu ya mizizi, ni 5. Izidishe kwa yenyewe, 25. Ongeza kwenye 39, ni 64. Kipeuo chake ni 8. Toa ile 5, inabaki 3. Mzizi ni 3, mali ni 9. Hakiki: 9 na 30 ni 39.

Na hakutaka umwamini hivi hivi. Alichora. Chukua karatasi ya mraba, hiyo ndiyo mali. Bandika ubavuni kipande chenye upana wa 5, na juu yake kingine cha upana huo huo. Eneo lote ni 39, ila kona moja iko wazi. Kona hiyo ni 5 kwa 5. Izibe kwa 25, unapata mraba kamili wa 64. Tulikata maboksi chakavu na kuyapanga juu ya mkeka, na yule kijana ndiye aliyeiona kona kabla yetu.

Sasa jibu lake. Al-Khwarizmi naye angeandika 5 peke yake, kwani hakukubali majibu hasi. Ubavu wa mraba hauwi pungufu ya sifuri. Kule Bara Hindi, Brahmagupta alikwisha andika kanuni za namba hasi mwaka 628. Na Wababeli walitatua maswali ya mraba na ubavu wake kwenye vibao vya udongo zaidi ya miaka elfu mbili kabla ya Baghdad. Kwa hiyo mwalimu wa shule alikuwa sahihi, na sisi tulizidisha chumvi. La al-Khwarizmi ni kuzipanga hesabu hizi kwa mafungu, kila fungu na njia yake, na kuzithibitisha kwa michoro. Kitabu kilitafsiriwa kwa Kilatini mwaka 1145 huko Segovia, Hispania, na Robert wa Chester, na Ulaya ikajifunzia humo.

Haya tulimweleza kijana mbele ya wenzake, pamoja na kosa letu.

Wazazi, jaribuni nyumbani na watoto kwa karatasi na mkasi: mali na mizizi kumi ni sawa na 56. Mzizi ni ngapi? Na mwenye kutaka alama zote za shule, asisahau jibu la pili.

Wabillahi tawfiq.